Mama Mkwe Juu ya Rubeho

Mwendo ule Kefa Ndahani aliutambua kabla hajauona uso. Alikuwa amesimama pembeni mwa stendi ya Mpwapwa asubuhi, kamba za punda wawili mkononi, akisubiri wageni washuke kwenye Landrova. Alishuka bwana mmoja wa makamo mwenye viatu vipya vinavyolia. Akashuka dada mmoja mwenye miwani na mkoba wa ofisini. Kisha ikatoka fimbo, ukatoka upindo wa kitenge, ukatoka mguu wa kulia ambao ulisita kidogo kabla ya kugusa ardhi. Kefa hakungoja mguu wa pili. Aliinama nyuma ya punda, akajifanya anakaza mzigo ambao ulikuwa haujapakiwa bado.

Alikuwa Mama Hana, mama mzazi wa mkewe.

Msomaji wa kwingine atasema kuna nini hapo, si angemwamkia tu yakaisha? Laiti. Kwa Mgogo aliyelelewa kwao, mama mkwe si mtu wa kuamkiwa barabarani. Ukimwona anakuja, unaiacha njia unaingia vichakani hadi apite. Humtazami usoni, hulitaji jina lake, huli mbele yake, hupazi sauti akiwa karibu. Naye anakukwepa vivyo hivyo. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa, na wamisionari waliokuja wakakemea mengi, hili waliliacha lilivyo. Ndiyo maana Kefa aliujua mwendo ule kuliko mtu yeyote Dodoma nzima. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiukimbia.

Na heshima peke yake angeivumilia. Tatizo ni kwamba Hana, mkewe, alikuwa amerudi kwao Msalato tangu wakati wa palizi, kabeba mtoto na sufuria zake. Wazee wa pande mbili walikuwa wamepanga kukaa mwezi ule ule kuamua kama atarudi. Kila mtu alijua kikao kitakavyokuwa: baba mkwe angesema mengi, wajomba wangesema mengi zaidi, kisha Mama Hana angetuma neno moja kutoka jikoni, na hilo ndilo lingefuatwa. Kefa alimtaka mkewe. Tuliseme wazi mapema, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulisema, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Alizaliwa chini ya mlima Kiboriani, akachunga mbuzi za baba yake kwenye mawe yale hadi akajua kila ufa. Alipokua akaajiriwa kuwa mlinzi wa msitu, akavaa kaki, watu wakamwita Bwana Miti ingawa cheo hicho hakikuwa chake. Kisha ikaja miaka ya kupunguza wafanyakazi. Serikali ilisema inabana matumizi, na matumizi yaliyobanwa yakawa yeye. Akahamia Miyuji, Dodoma mjini, akapanga chumba, akabeba tofali, akauza mkaa, hadi alipokutana na Bartolomayo.

Huyu Bartolomayo alikuwa mhasibu wa shirika moja la umma. Shirika lilipokufa akanunua Landrova yake chakavu kwenye mnada, akaipaka rangi ya kijani, akafungua kampuni ya kupandisha watu milima. Miaka ile kila mtu alikuwa na kampuni. Wengine waliuza maji, wengine waliuza nguo za mitumba, Bartolomayo aliuza kuchoka. Wageni walipelekwa Mpwapwa, wakapanda Kiboriani, wakavuka mapito ya juu ya Rubeho kwa miguu, siku tatu, wakateremkia Kibakwe ambako gari liliwangoja. Kefa akawa kiongozi wao, na Bartolomayo, aliyewahi kufika Moshi mara moja, akasisitiza aitwe gaidi, kwa Kiingereza cha huko, kama wanavyoitwa wa Kilimanjaro. Habari zilipofika Msalato kwamba mkwe wao siku hizi ni gaidi, Mama Hana alifunga na kuomba wiki nzima ndipo mtu mmoja akamfafanulia.

Ajabu ni kwamba mlimani Kefa aliongea. Nyumbani alikuwa mtu wa ndiyo, hapana, na nipe maji. Mlimani aliwaeleza wageni mti gani unatibu tumbo na upi unaua samaki, ndege gani hulia mvua ikikaribia, wapi misafara ya zamani ilipumzika na kwa nini upepo wa Rubeho hauishi. Mgeni mmoja alifika Miyuji kuleta picha, akamwambia Hana kwamba mumewe anaongea kama redio, bila shaka yeye mwenzetu anafaidi. Hana alicheka mbele ya mgeni. Mgeni alipoondoka, Hana aliuliza redio hiyo mbona kwake haishiki. Kefa akajibu kwamba amechoka. Ilikuwa kweli, lakini si kila ukweli unafaa kuwa jibu.

Basi asubuhi ile Mpwapwa alimvuta Bartolomayo hadi nyuma ya gari, akamweleza kwa kunong'ona. Bartolomayo alisikiliza akichokonoa meno. Yeye alikuwa mtu wa Songea, alisema anaziheshimu mila za watu wote, lakini yule mama ameuza zabibu zake, amelipia nafasi yake sawasawa, na sasa ni soko huria, mteja hafukuzwi kwa kuwa amemzaa mke wa mtu. Kefa akasema basi yeye ndiye atakayebaki. Bartolomayo akasema sawa, na akibaki asirudi tena kazini. Kisha akaingia kwenye gari lake la kijani akaondoka, na vumbi lote likamwangukia Kefa.

Alikereka hadi masikio yakamwaka. Akijitoa, hana kazi, na mwanamume asiye na kazi atamrudisha mke kwa lipi? Akienda, siku tatu mlimani na mama mkwe, atakosea tu, na kosa lolote litafika kikaoni kabla yake. Akafunga mizigo kwa nguvu mno, punda mmoja akamgeukia kumtazama.

Shida ya kwanza ilikuwa njia yenyewe. Njia ya Kiboriani inapanda kwa kona, na kwenye kila kona aliyetangulia hujikuta anawatazama walio chini, apende asipende. Kefa alijaribu kutembea akiwa amegeukia ukutani mwa mlima kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Akajikwaa mara mbili. Akaona bora akae nyuma, awaache wageni watangulie. Hapo akagundua kwamba kumfuata mama mkwe kwa nyuma kwenye mwinuko mkali ni aibu ambayo hata mimi hapa siielezi. Akarudi mbele mbio, akiwapita vichakani, akatokea juu yao na miiba kwenye suruali.

Bwana wa viatu vinavyolia aliitwa Henry, ofisa mipango mstaafu, mtu aliyezoea kupewa taarifa. Aliuliza ule mti ni mti gani. Kefa akajibu kwa sauti ya chini, maana mkwe yupo nyuma hatua chache, na mkwe hapigiwi kelele. Henry hakusikia, akauliza tena. Kefa akajibu chini zaidi. Henry akasimama katikati ya njia, akatangaza kwamba Dodoma aliambiwa huyu bwana ni redio, kumbe redio yenyewe haina betri. Aliyasema hayo kwa sauti ambayo Mama Hana lazima aliisikia, na Kefa akaona neno moja zaidi likiongezwa kwenye kikao.

Yule dada wa miwani, Miriam, karani wa Bunge, ndiye aliyefanywa mjumbe bila kuombwa. Kefa alikuwa anamwendea na kumnong'oneza amwambie mgeni wa nyuma asikanyage lile jiwe linalocheza. Miriam alimtazama, akamtazama mgeni wa nyuma aliyekuwa karibu kiasi cha kuguswa, akapeleka ujumbe. Mgeni wa nyuma akamnong'oneza Miriam kwamba amwambie huyo wa mbele jiwe ameliona. Miriam akarudisha. Hadi mchana alikuwa amechoka kuliko punda. Alidhani wale wawili wamedhulumiana shamba.

Kambi ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kefa alipika ugali na maharage, akawapakulia wageni, akachukua chake akaenda kukila nyuma ya mwamba. Henry akaona dharau, kiongozi gani anakula kwa kujificha kama ameiba? Mama Hana naye hakula, kwa kuwa alijua mkwe yuko nyuma ya mwamba ule, na mwamba haukuwa mpana. Alishika sahani akasubiri aende mbali. Kefa akachungulia, akaona mkwe hali, akadhani chakula kimemchukiza. Akajongea mbali zaidi kwa huzuni, hadi kwenye upupu. Huko alikula akijikuna.

Baadaye jua lilipozama hakuna aliyekubali kutangulia kuingia hemani. Mama Hana asingeweza kuinama kuingia kwenye kile kimlango cha turubai mkwe akiwa amesimama pale. Kefa asingeweza kuondoka kabla ya kuhakikisha wageni wote wameingia, maana kazi ndiyo kazi. Walisimama hivyo, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, baridi ya Kiboriani ikiwala wote wawili, hadi Miriam akatoka na blanketi begani, akatazama, na kitu kikamwingia akilini. Kwao ni Shinyanga, ambako pia wakwe hukwepana. Aliuliza polepole, kwa kumtazama Mama Hana peke yake, kama huyu kaka ni mkwe. Mama Hana alijifunika kitenge usoni, na hilo lilitosha. Miriam akacheka hadi akakaa chini. Kisha akatundika blanketi lake kati ya miti miwili, likawa pazia, watu wakaenda kulala.

Siku ya pili Miriam alijiuzulu ujumbe. Alisema amelipia kutembea, si kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, kisha akashauri wamtumie punda, kwao wazee hufanya hivyo, husema na jiwe au na kuku na aliyekusudiwa akasikia. Kefa aliona ni upuuzi. Lakini walipofika kwenye korongo lenye mawe ya utelezi hakuwa na namna. Alimshika punda sikio, akamwambia kwa heshima zote kwamba hapa watu wapite kushoto, kulia kuna kuvu. Nyuma yake akasikia fimbo ikigonga jiwe, na sauti ya mama mtu mzima ikimwambia punda wa pili kwamba yeye amevuka makorongo kabla baadhi ya watu hawajazaliwa. Kisha akapita kushoto.

Ikawa ndiyo lugha ya safari. Punda aliambiwa maji ya kisima hiki ni mazuri. Punda aliulizwa kama kuna watu wanaotembea haraka hivi kwa sababu wanafukuzwa. Punda alijulishwa kwamba haraka ni kwa ajili ya upepo wa juu, si kwa dharau. Henry alikuwa akitazama upande mmoja hadi mwingine akiwa amekunja uso. Alisema amekaa serikalini miaka thelathini, amewahi kuona ujumbe ukipitia ngazi nyingi, lakini haujawahi kupitia hapo.

Kefa mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Kila jioni alijipigia hesabu ya makosa. Kujikwaa mbele ya mkwe, kosa. Kujikuna, kosa. Kumwambia punda "pita huku" mkwe akadhani anaambiwa yeye, kosa kubwa. Alijiuliza huyu mama amekuja kutafuta nini. Mtu ana shamba lake la zabibu, ana wajukuu, ana kanisa lake, anakuja kupanda Rubeho na goti bovu? Amekuja kunipima, alijiambia. Amekuja kukusanya ushahidi. Na alivyozidi kulifikiria hilo ndivyo alivyozidi kunyamaza, hata kwa punda.

Siku ya tatu ndiyo ya pito la juu. Wenyeji wanasema jina Rubeho ni upepo, na hawakukosea. Pito lenyewe ni ukingo mwembamba unaounganisha vilele viwili, kushoto nyasi zinateremka hadi usipoona, kulia mwamba umekatika wima. Kukiwa kweupe, mtoto anapita. Waliufikia kabla ya adhuhuri, kweupe kabisa, na Kefa akashukuru moyoni kwamba mateso yanaelekea kwisha. Walipofika katikati upepo ukageuka, wingu likapanda kutoka upande wa mashariki, likawafunika kama kifuniko cha chungu. Kefa alinyoosha mkono wake, akaona kiwiko, vidole hakuviona.

Aliwaambia wasimame. Sauti yake ya chini haikufika popote. Akapiga mluzi, upepo ukauchukua mluzi. Huko nyuma Henry aliuliza kulia ni wapi, na swali hilo, mahali pale, lilimtoa Kefa jasho la baridi. Kusubiri haikufaa. Wingu la Rubeho laweza kukaa hadi kesho, na wageni walikuwa na sweta za mtumba tu. Njia ilikuwa moja: atangulie polepole na punda wanaojua ukingo, na wao waifuate sauti yake, mmoja ameshika mkia wa punda, wa pili ameshika mkoba wa wa kwanza na ncha ya fimbo, wa tatu ameshika ncha ya pili ya fimbo hiyo. Na ili waifuate, sauti isikatike.

"Ongea, bwana," Henry alisema, na safari hii hakukuwa na ubishi ndani yake. "Chochote. Usinyamaze tu."

Kefa akaongea. Alianza na njia: mguu huu hapa, jiwe hapa, nyasi zikikugusa goti uko sawa. Akapaza sauti, maana hapakuwa na jinsi. Njia ilipokuwa haina cha kusemwa akaingia kwenye miti, akaingia kwenye ndege, akaingia kwenye misafara ya zamani na pembe zake za ndovu, akasimulia yote aliyowahi kuwasimulia wageni. Na ukingo haujaisha. Wingu lilikuwa jeupe pande zote, halina uso wa mtu hata mmoja, na mtu akiongea peke yake kwenye weupe kama ule hufika mahali ambapo maneno ya kazi yamekwisha na kinywa kingali wazi.

Akasema kwamba ndege yule mwenye kifua cha manjano alimwona mara ya kwanza mwaka alioanza kazi hii, na alikusudia kumsimulia mkewe. Alimbeba ndege yule kichwani siku tatu hadi Miyuji. Lakini njiani alikuwa amewaonyesha wageni, wamemshangilia, wamempiga picha, na alipofika mlangoni akaona kwamba yule ndege amekwisha kutumika. Na kila kitu kikawa hivyo. Kila kizuri alichokiona alikuwa amekwisha kukiuza kabla ya kufika nyumbani.

"Maneno yote niliyobaki nayo ni mitumba," aliliambia wingu. "Wameyavaa watu wengine. Nitampelekeaje Hana mitumba? Ndiyo maana nanyamaza. Anadhani sina la kumwambia. Ninalo, ila naona haya kumpa lililotumika."

Ndipo akatambua kwamba hatua za mwisho kule nyuma hazisikiki tena.

Alimwita Miriam, Miriam akaitika. Alimwita Henry, akaitika, akasema fimbo imemponyoka mkononi, hajui lini. Kefa akafungua kinywa kumwita wa tatu, na hapo akagundua kwamba hana jina la kumwitia. Lile la ubatizo ni marufuku kwake kulitaja. Punda hakuwa na msaada. Mguu mmoja zaidi kulia na kikao cha Msalato kitakuwa cha matanga.

"Mama," akaita kwa sauti yake yote. "Mama, uko wapi? Itika."

Upepo ulipita. Kisha sauti, karibu kuliko alivyotegemea, na si kwa punda.

"Nipo hapa, baba. Nimekaa. Goti limekataa."

"Nyasi ziko upande gani wako?"

"Mkono wa kushoto."

"Usinyanyuke. Nakuja."

Alirudi akipapasa, akaupata mkono uliokunjamana na wenye nguvu, akaushika. Hakuna aliyemwona mwenzake. Wakaenda hivyo, mkwe na mkwe, na Kefa akazidi kuhesabu mawe kwa sauti. Walipotembea kidogo yule mama akasema kwamba yeye hakuja kupanda mlima, mlima wa mawe anao wa kwake nyuma ya nyumba. Bintiye alimwambia ameolewa na ukuta. Watu wengine wakamwambia mkwewe anasema kama redio. Naye, kwa sheria za ukwe, katika miaka yote hiyo hajawahi kuisikia sauti ya mtu aliyempa mwanawe. Ameuza zabibu aje aisikie, na tangu jana amesikia akiambiwa punda.

"Na hiyo mitumba," akasema, "mimi navaa mitumba. Hana anavaa mitumba. Nchi nzima siku hizi inavaa mitumba, baba, na tunapendeza."

Wingu lilipasuka ghafla kama lilivyokuja. Jua likawakuta wameshikana mikono kwenye ukingo wa Rubeho mchana kweupe. Waliachiana kama walioshika kaa la moto. Mama Hana akajifunika kitenge, Kefa akatazama mwamba, na Henry, aliyekuwa ametokwa na machozi na hataki ijulikane, akauliza kwa ukali kama kuna chai.

Mteremko hadi Kibakwe ulipita bila neno. Kefa alitegemea kwamba sasa, baada ya yote yale, angalau punda ataambiwa kitu: kwamba Hana anarudi, kwamba harudi, kwamba atafikiriwa. Punda hakuambiwa. Gari lilikuwepo, Mama Hana akapanda mbele, Miriam akaaga, Bartolomayo akauliza kama wageni wamefurahia. Na ndivyo ilivyokwisha. Kefa alirudi Miyuji akakaa chumbani akingoja ujumbe kutoka Msalato, akakereka. Wazee wakaahirisha kikao kwa sababu ya msiba wa jirani, akakereka zaidi. Mtu umeanika moyo wako wote juu ya Rubeho, na aliyeusikia ameenda kumwagilia zabibu!

Asubuhi moja uvumilivu ukamwisha. Alivaa shati safi akaenda Msalato kwa miguu, bila mshenga, bila kutanguliza taarifa, jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi. Mama Hana alimwona kutoka mbali. Aliacha ufagio palepale, akapitia uani, akapotelea shambani kama inavyotakiwa. Hana alikuwa kibarazani anachambua mlenda, mtoto amelala pembeni. Alimkaribisha, akampa kiti, akaendelea na mlenda wake.

Kefa akakaa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. Jua likapanda kidogo. Mtoto akageuka upande wa pili.

"Mama anasema mlimani ulipotea," Hana alisema bila kuinua kichwa.

"Sikupotea."

"Amesema mlipotea. Kwenye wingu."

Kefa alisikia damu ikimpanda. Kumsema hajui adabu, sawa. Kumsema maskini, sawa. Lakini kupotea, yeye, kwenye pito alilolijua tangu akiwa na mbuzi? Akasogeza kiti. Akamweleza kwamba hakupotea hata hatua moja, na ili aelewe lazima ajue jinsi njia ya Kiboriani inavyopanda, na akaanza na zile kona. Akamweleza upupu. Akamweleza Henry na viatu vyake, na Miriam alivyotundika blanketi, na maneno aliyoambiwa punda. Hana aliacha kuchambua mlenda. Aliuliza punda alijibu nini. Alicheka mara moja, akajizuia, akacheka tena. Kefa alifika kwenye ukingo, akamwonyesha kwa mikono upande wa nyasi na upande wa mwamba, akaleta wingu, akafika mahali ambapo Henry alimwambia asinyamaze.

Hapo akanyamaza.

"Enhe," Hana akasema.

"Hapo si mama amekusimulia."

"Hapo amekataa. Nimemwuliza mara ngapi. Anasema palisemwa maneno ambayo hayakuwa yake, aliyasikia tu kwa sababu ya wingu." Aliisukuma sinia ya mlenda pembeni, akamtazama usoni. "Anasema nikuulize mwenyewe."

Kefa alitazama mlangoni, akatazama njia ya kurudi Miyuji, nyeupe, iliyonyooka, ambayo mtu angeweza kuishika sasa hivi. Kisha akageuza kiti kumwelekea mkewe.

"Kuna ndege mmoja," akasema. "Nilimwona zamani."